Sauti Ndani ya Nyumba ya Kiza

Kila Ijumaa akitoka shule, Chiriku hakuwa na muda wa kukaa. Aliutua mkoba nyuma ya mlango, akanawa uso, akachukua kikapu na kwenda sokoni. Huko alipita meza kwa meza akibonyeza nyanya na kunusa vitunguu, akauliza bei, kisha akanyamaza. Wauzaji walikuwa wamemzoea. Walijua kwamba binti huyu habishani nao kama wengine. Anasimama tu, anakutazama, mpaka unaona haya mwenyewe na kupunguza.

"Wewe ni Chiriku kweli?" muuza viazi alimtania siku moja. "Chiriku gani asiyelia?"

Jina hilo la utani alipewa na mama yake. Alipokuwa mdogo alikuwa akiongea tangu anapofumbua macho asubuhi mpaka anapoyafumba, na wakati mwingine hata usingizini. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina lilimpwaya kama sare ya kaka mkubwa. Mama yake alifariki mwaka uliopita, kwa homa iliyomchukua upesi mno, na tangu siku ile maneno yalimkauka Chiriku kinywani.

Hakuna aliyemteua kushika pesa ya chakula. Ilitokea tu. Baba yake alikuwa fundi wa majokofu, mtu anayeweza kutega sikio kwenye jokofu bovu na kukwambia kinacholiumiza. Lakini sokoni alikuwa kama kipofu. Mara ya kwanza alipokwenda baada ya msiba, alirudi na mananasi matatu, bila mchele wala chumvi. Bibi, mama yake mama, alihamia kwao kuwasaidia, lakini alikuwa na kisukari na miguu ilimuuma. Mdogo wake wa miaka saba aliitwa Tonge, na jina lake linajieleza. Basi Chiriku akaishika pochi. Pesa ya wiki aliigawa mezani mafungu mafungu: nafaka, mboga, matunda ya Bibi, na kidogo cha dharura. Haikuwahi kumpungukia njiani.

Katika nyumba ile hapakuwa na mtu aliyemtaja mama. Hawakukatazana, ila kila mmoja alimwogopea mwenzake. Kiti chake kilibaki palepale mezani, nao wakakipita kwa upande kama watu wanaokwepa shimo. Sweta lake lilining'inia nyuma ya mlango wa chumba, na mlango ulipofungwa kwa upepo, mikono ya sweta ilichezacheza.

Kulikuwa na jambo moja lililomtisha Chiriku kuliko hayo yote, na hakumwambia mtu. Alikuwa ameanza kuisahau sauti ya mama yake. Uso aliukumbuka, kwa sababu picha zilikuwepo. Mikono pia aliikumbuka. Lakini simu ya mama ilikuwa ile ndogo ya vitufe, isiyohifadhi sauti ya mtu, na kila Chiriku alipofumba macho akajaribu kumsikia mama akimwita, alisikia ukimya mtupu.

Likizo ilipokaribia, Baba alileta kopo la bati mezani na kulifungua. Lilikuwa na noti zilizokunjwa kunjwa.

"Haba na haba," alisema. "Tutakwenda kule Bustani ya Michezo. Siku tatu. Ni... ilikuwa imepangwa hivyo."

Hakusema nani aliyepanga. Hakuna aliyeuliza.

Baba alilipa nauli, chumba cha wageni na tiketi za kuingilia. Zilizobaki alimsogezea Chiriku. "Hizi za chakula, mwanangu. Ukiziendesha kama unavyoendesha za nyumbani, tutakula tushibe."

Chiriku alizigawa katika bahasha tatu, moja ya kila siku. Alikuwa amesikia kwamba ndani ya bustani chakula kinauzwa ghali, na kwamba getini hawaruhusu mtu kuingia na chakula chake. Kwa hiyo akapanga: kifungua kinywa na chakula cha jioni watapika wenyewe, kwa kuwa nyumba ya wageni ilikuwa na jiko. Cha mchana tu ndicho watakachonunua ndani. Na hicho cha mchana kisicheleweshwe, kwa ajili ya Bibi. Bibi alijidunga sindano ya kisukari kabla ya mlo, na akishajidunga ilikuwa lazima ale upesi. Hilo wote walilijua, hata Tonge.

Walifika bustanini siku ya mawingu mazito. Haukuwa msimu wa wageni. Farasi wa mbao walizunguka wakipanda na kushuka huku migongo yao ikiwa mitupu. Gurudumu kubwa lilipandisha viti angani na kuviteremsha bila mtu. Muziki wa furaha ulipigwa kila mahali, na kwa kuwa watu walikuwa wachache, ulisikika kama unapigiwa watu waliokwisha kuondoka.

"Mbona kama sherehe ya mizimu hii?" Bibi alisema, akajifunga mtandio vizuri.

"Bora, Bibi! Hakuna foleni!" Tonge alijibu, na tayari alikuwa anakimbia.

Mwisho wa njia, nyuma ya miti, lilikuwepo jengo jeusi lisilo na madirisha. Juu ya mlango palikuwa pameandikwa NYUMBA YA KIZA, na chini yake kwa herufi ndogo: "Hulipiwa Peke Yake." Tonge alishikilia mpaka Baba akawalipia wote wawili. Mkata tiketi, mzee mwenye kofia ya sufu, aliwafungulia pazia. Hatua chache tu ndani, mkono wa plastiki ulimgusa Tonge bega. Tonge akapiga ukelele, akageuka, akatoka mbio hata kandambili moja akaiacha humo.

Chiriku aliendelea peke yake. Aliona mafuvu yenye taa machoni na buibui wa nyuzi, vitu ambavyo havikumtisha. Kisha njia ikapinda, taa zote zikazimika, akabaki kwenye kiza ambacho hakuweza kuona hata kiganja chake. Ndipo sauti ya mwanamke ikasema, karibu kabisa na sikio lake:

"Njoo, mwanangu. Usiogope. Nipe mkono."

Miguu ya Chiriku iliganda sakafuni. Haikuwa hofu. Macho yalimjaa machozi, na mkono wake wa kulia ukanyooka wenyewe gizani. "Mama?" alinong'ona. Hapakuwa na kitu cha kushika. Taa zikawaka, na mbele yake palikuwa na mlango wa kutokea.

"Umeona nini?" Tonge alimuuliza nje, akichechemea na kandambili moja.

"Hakuna kitu," Chiriku alijibu. Lakini ule ukimya aliokuwa akiusikia kila anapofumba macho ulikuwa umejaa. Mama alikuwa na sauti tena.

Jioni ile, kabla hawajatoka, alimwambia Baba anakwenda msalani, akaenda Nyumba ya Kiza. Akafungua bahasha ya siku ya pili. "Mara moja tu," alijiambia. Alitoka, akarudi kwa mkata tiketi, akatoa noti nyingine.

Ili kufidia pesa ile, chakula cha jioni kilikuwa mkate na chai.

"Si ulisema wali na maharage?" Tonge alilalamika.

"Bei za huku ni za juu," Chiriku alisema bila kumtazama. "Lazima tubane."

Baba alimpapasa kichwa. "Sawa, mhasibu wetu." Neno hilo lilimwingia Chiriku kama mwiba, akamegua mkate wake na kumpa Tonge kipande kikubwa.

Siku ya pili asubuhi aliwapikia uji mwepesi, usio na maziwa, akamwachia Bibi yai pekee lililokuwepo. Tonge aliramba bakuli, akalitazama kwa huzuni kama mtu aliyefiwa. Walipofika bustanini Chiriku aliingia tena Nyumba ya Kiza, mara moja, kisha nyingine. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na bahasha nayo ni gogo. Alipomaliza ya siku ile akaanza noti chache za kesho alizokuwa amekuja nazo; nyingine aliziacha chumbani.

Jambo la ajabu ni kwamba kila alipoisikia sauti ile, hamu ilizidi. Mwanzoni alitoka mwepesi. Sasa alikuwa akitoka na baridi kifuani, akitazama nyuma, akihofia kwamba mama amebaki mle ndani peke yake gizani akiita, na hakuna anayemwitikia. Hata akiwa kwenye bembea na Tonge aliisikia chini ya muziki wote: njoo, mwanangu, njoo.

Ilipofika mchana, Baba na Tonge walikuwa kwenye vijiboti vya kupiga kasia, upande wa pili wa kibwawa. Bibi aliketi kwenye benchi karibu na kibanda cha juisi. Alipandisha kidogo nguo tumboni, akajidunga sindano yake, akafuta kwa pamba.

"Nimeshajidunga, mjukuu wangu," alisema. "Nenda ukalete chakula. Usikawie, unajua mambo yangu."

"Nakuja sasa hivi, Bibi."

Naye alikusudia kweli. Mgahawa ulikuwa mbele kidogo tu. Lakini njia ya mgahawa ilipita nyuma ya miti, na pazia jeusi lilikuwa linapepea. Mkata tiketi alimwona akaguna.

"Wewe tena? Haya, ingia. Ungekuwa na rafiki hapa ningesema umemfuata yeye."

Akaingia. Sauti ikamwita. Safari hii Chiriku alisimama palepale hata taa zilipowaka. Alitaka kuisikia kwa utulivu, bila haraka. Akatoka, akalipa tena, akarudi gizani. Alipotoka mara ya pili aliangalia mkononi, akaona vijisarafu. Akapiga mbio mpaka mgahawani, na vijisarafu vile vikampatia pakiti ndogo ya biskuti, basi.

Alipomkaribia Bibi aliona kuna kitu kisicho cha kawaida. Bibi alikuwa ameinamia upande mmoja. Jasho lilimtiririka usoni ingawa siku ilikuwa ya baridi, na mikono ilimtetemeka juu ya magoti. Mkoba wake ulikuwa wazi mapajani, na alikuwa akipapasa ndani bila kupata anachokitafuta.

"Bibi! Bibi, nimeleta biskuti!"

Bibi aliinua macho. Yalimtazama Chiriku, lakini hayakumwona Chiriku.

"Mwanangu," alisema taratibu, na uso ukamchanua. "Umerudi? Mbona ulikawia hivyo? Walinidanganya kwamba wamekuzika."

 Chiriku alitaka kusema "ni mimi," lakini sauti haikutoka. Bibi alimshika kiganja kwa mkono uliolowa jasho, mkono wa baridi kama samaki. "Kaa hapa. Usiondoke tena. Watoto wako wanakulilia kimya kimya, wanadhani mimi sisikii."

"Saidia!" Hatimaye koo lilifunguka. "Jamani, saidia! Bibi yangu!"

Muuza juisi aliruka meza ya kibanda chake. Alikuwa mwanamke mnene mwenye aproni ya njano, na alimtazama Bibi mara moja tu. "Ana kisukari?"

"Ndiyo! Amejidunga na hajala!"

"Sukari imeshuka. Mshike mgongo asianguke." Alikoroga vijiko kadhaa vya sukari ndani ya bilauri ya juisi ya chungwa. "Bibi, unanisikia? Kunywa hii. Taratibu. Kama anameza tunampa. Akizimia usimtie kitu kinywani hata siku moja, atapaliwa. Hapo ni kukimbilia daktari. Umesikia, binti?"

Chiriku alitikisa kichwa kukubali, huku machozi yakimdondokea Bibi begani. Bibi alimeza funda moja, na jingine. Muuguzi wa bustani alifika na kisanduku chake, akamtoboa kidole na kupima. "Ilikuwa chini sana," alisema. Akampa kinywaji kingine chenye sukari, akasubiri, akapima tena. "Inapanda. Tumshukuru Mungu na huyu muuza juisi. Sasa anahitaji chakula chenyewe."

Muda si mrefu macho ya Bibi yalirudi kutoka huko yalikokuwa yamekwenda. Alimtazama mjukuu wake, akashangaa. "Chiriku, unalia nini?"

Hapo Baba aliwasili akitweta, Tonge nyuma yake. Muuguzi alimweleza. "Aliyejidunga sindano hafai kucheleweshewa chakula. Na hana hata peremende mkobani? Mtu kama huyu hatembei bila kitu cha sukari."

"Huwa anazo," Baba alisema. "Nilimwekea mwenyewe."

Tonge alianza kulia. "Nilizila mimi asubuhi. Nilikuwa na njaa. Uji ulikuwa kama maji."

Baba alimgeukia Chiriku polepole. "Mwanangu, pesa ya chakula ilikuwepo ya kutosha. Imekwenda wapi?"

Neno "zimeibiwa" lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Lingetosha. Bustani ngeni, watu wageni, nani angekataa? Lakini Chiriku alikuwa bado anausikia mkono wa Bibi ndani ya kiganja chake, akajua kwamba akisema uongo ule hataweza kuushika mkono huo tena bila kukumbuka.

"Nimezitumia mimi," alisema. "Nyumba ya Kiza. Nimeingia mara nyingi, hata idadi siijui."

"Mchezo?" Baba alipandisha sauti. "Bibi yako angekufa kwa ajili ya mchezo?"

"Si mchezo! Mama yumo mle!" Chiriku alipaza sauti, na mpita njia akageuka. "Ananiita. Ananiambia njoo. Nimemsikia, Baba. Mimi nilikuwa nimeisahau sauti yake, na sasa nimeipata, na nikitoka nje inapotea tena!"

 Farasi wa mbao waliendelea kuzunguka. Baba aliketi kwenye benchi kama mtu aliyekatwa miguu. Alimvuta Chiriku karibu naye.

"Kwanza Bibi ale," alisema mwishowe kwa sauti nzito. "Kesho utanipeleka nikamsikie."

Asubuhi iliyofuata walikwenda wote wanne kabla bustani haijaanza kazi. Baba alizungumza na mkata tiketi pembeni, mtu mzima kwa mtu mzima. Mzee yule alimsikiliza, akavua kofia yake ya sufu, akaikunja mkononi.

"Masikini," alisema. "Nami nilidhani mtoto anapenda kutishwa tu. Ingieni, hamlipi kitu. Nitawasha taa zote."

Taa zilipowaka, Nyumba ya Kiza ilikuwa chumba kirefu cha mbao chenye vumbi. Mafuvu yalikuwa ya plastiki, na moja limeunganishwa kwa gundi. Kwenye ile kona, juu ya bomba, palikuwa na spika ndogo yenye utando wa buibui wa kweli. Kandambili ya Tonge ilikuwa chini yake. Mzee alibonyeza kitufe.

"Njoo, mwanangu. Usiogope. Nipe mkono."

Chiriku alimshika Baba mkono kwa nguvu. Bibi alifumba macho, akainamisha kichwa. "Rudia tena, bwana," aliomba. Sauti ikarudia. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafumbua macho. Yalikuwa na machozi, lakini alitikisa kichwa.

"Si yeye."

"Ni yeye, Bibi! Sikiliza vizuri!"

"Nimemlea tangu siku anazaliwa, mjukuu wangu. Si yeye. Huyu ni mwanamke anayelipwa kusoma. Na tena, mama yako lini aliwahi kumwambia mtu 'usiogope'? Yule alikuwa mwoga kuliko kuku."

Kitu kama kikohozi kilimtoka Baba. Chiriku alimtazama, akaona kwamba anajizuia kucheka huku analia. "Panya akipita jikoni," Baba alisema, "wa kwanza kupanda juu ya meza ni yeye. Halafu anapiga kelele akiwa kule juu: 'Mume wangu, mlinde mtoto!' Mtoto mwenyewe wewe, uko sakafuni unamkimbiza panya!"

"Mimi?" Chiriku aliuliza.

"Wewe. Na ufagio."

Wakacheka, hata mkata tiketi. Cheko la Baba lilimwishia katikati, akafunika uso. "Mwaka mzima," alisema, "sijamtaja kwa sauti. Nilidhani nikimtaja nitawaumiza."

"Nami nilidhani nitakuumiza wewe," Bibi alijibu.

Chiriku aliitazama tena ile spika ndogo. Alijaribu kuisikia sauti ya mama ndani yake, na haikuwemo. Moyo ulimuuma upya. Alitoka mle ndani bila kitu mikononi. Lakini kila mara Baba alisema, "Unakumbuka siku ile aliyo..." na Bibi akadakia, na Tonge akauliza, "Halafu?"

Ilibaki kazi ya tumbo. Baba alimrudishia Chiriku bahasha ya mwisho, aliyoichukua jana usiku. Ilikuwa nyembamba.

"Unanipa tena mimi?" Chiriku alishangaa.

"Siongezi hata sarafu. Kilichobaki ndicho tutakachokula mpaka tufike nyumbani. Lakini safari hii unapanga mbele yetu sote, kwa mdomo, na kila mtu anasikia."

Wakakaa kwenye ukuta mfupi nje ya geti. Chiriku alianza kwa sauti ndogo. "Kwanza peremende za Bibi. Hizo haziguswi." Alimtazama Tonge, na Tonge akaziba mdomo kwa mikono miwili. "Hatununui mgahawani. Kuna soko nyuma ya kituo cha basi, nililiona tulipofika. Viazi, mayai, matango na ndizi. Tunachemshia kule tulikolala kabla ya kurudisha funguo. Mkate mmoja na maji ya njiani. Kwa kuwa chakula hakiruhusiwi kuingia, mchana tunatoka wote tunakula hapa nje. Wanagonga muhuri mkononi, tunaruhusiwa kurudi."

"Na aiskrimu?" Tonge aliuliza.

"Ikibaki. Moja, vijiko vinne."

"Mhasibu hana huruma," Baba alisema, naye Chiriku akatabasamu kidogo.

Sokoni alibishana bei. Muuza mayai alijuta kumfahamu. Na mchana ulipofika, Chiriku alitandika shuka kwenye majani nje ya geti, akamenya viazi, akavikata na mayai, akanyunyiza chumvi. Bibi alikaa kando yake akikata matango. Baba na Tonge walikuwa wamesahau saa. Walikuwa mbali, karibu na uzio wa vijiboti, wakishindana kurusha mawe majini.

Chiriku alimwona Bibi akitoa sindano yake kwenye kimfuko. "Ngoja kwanza, Bibi. Usijidunge mpaka sahani iwe mkononi na watu wote wamekaa." Akasimama, akaweka mikono kiunoni, akavuta pumzi, akaita:

"Nyie wanaume wawili! Chakula hakina miguu ya kuwafuata! Njooni mle kabla sijawapa kunguru!"

Kisu cha Bibi kilisimama katikati ya tango. Kule uzioni, Baba aligeuka ghafla kama mtu aliyeguswa bega. Jiwe lilimdondoka mkononi. Alikuja kwa hatua ndefu, kisha mbio, na alipofika alisimama mbele ya binti yake, akimtazama usoni kana kwamba anatafuta mtu nyuma yake.

"Nimefanya nini?" Chiriku aliuliza kwa wasiwasi.

"Umesema vilevile," Bibi alinong'ona. "Sauti ile ile. Hata kule kupandisha mwishoni, kwenye 'kunguru.' Nimemsikia mwanangu mchana kweupe."

Chiriku aliweka vidole kooni.  Alijaribu kurudia kimya kimya, moyoni, na safari hii ukimya haukuja. Lilikuja jiko la nyumbani, mvuke wa sufuria, na mtu anayemwita kutoka mlangoni.

"Kaeni," Bibi alisema. Wakakaa. Alisubiri kila mtu apate sahani, akajidunga sindano yake, akala viazi viwili vizima kwanza. Kisha akaweka kijiko chini.

"Wajukuu zangu, na wewe mkwe wangu, nisikilizeni. Chiriku, pesa ya chakula si ya aliyeishika. Ni ya kila mtu anayeketi kwenye shuka hili. Ukiichomoa kimya kimya, hata kwa sababu inayotia huruma, kuna mtu unamnyang'anya tonge. Juzi mdogo wako alilala njaa, jana akala peremende zangu, nami nikafika ukingoni. Hukukusudia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Umesema kweli ilipokuwa vigumu kusema, na kwa hilo nimekusamehe. Tonge nawe, ukiwa na njaa useme. Usimwibie mgonjwa dawa yake."

Tonge aliinamisha kichwa. "Samahani, Bibi."

"Lakini sisi wakubwa ndio tuliokosa zaidi," Bibi aliendelea. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi tulificha huzuni, kila mtu akaila yake peke yake pembeni, mpaka mtoto akaenda kununua sauti gizani. Kuanzia leo, atakayemkumbuka amtaje. Chakula tunakigawana, na hii nayo tuigawane."

"Nimekusikia, Mama," Baba alisema.

Upepo ulipita juu ya majani, ukaleta muziki wa bustani kwa mbali. Hakuna aliyeusikiliza. Tonge alinyoosha sahani yake aongezewe, Chiriku akampakulia, na huku anampakulia akaanza kusimulia jinsi mama alivyowahi kumkemea muuza samaki mpaka mtu yule akamkimbia na kuacha meza yake. Alisimulia kirefu. Chakula chake kikapoa.